Njia ya wapagazi kando ya lami

Ukitoka Lubumbashi alfajiri kwa barabara ya Likasi, kabla jua halijapanda juu ya miombo, utakutana na wanaume wanaokuja mjini wakisukuma baiskeli. Hawazipandi. Kila baiskeli imefungiwa magunia ya makaa, ambayo sisi hapa tunayaita makala, yamepangwa hadi yamempita mwenyewe kimo, na kijiti kimefungwa kwenye usukani ili mkono upate pa kushika. Lami iko hapo hapo, pana na laini, lakini wao hawaigusi, kwa sababu lori la shaba halimsubiri mtu. Wanapita pembeni, kwenye kijia chekundu chenye upana wa nyayo mbili, wameongozana mmoja mmoja, kila mtu akitazama kisigino cha aliye mbele yake.

Kwa miaka mingi macho yangu barabarani yalikuwa kwenye malori. Siku hizi nakitazama kijia. Kimenifanya niulize ni nini kitakachobaki cha njia zilizokuwepo Katanga kabla ya reli na kabla ya lami, na kama kuna mtu anayezitunza.

Kwingineko duniani, anayetunza njia ya kale huanza na alama ya gurudumu. Katika jimbo la Wyoming huko Marekani, karibu na mji mdogo wa Guernsey, magari ya kukokotwa ya walowezi waliokuwa wakielekea Oregon katika karne ya 19 yalikata mwamba laini hadi yakaacha mifereji yenye kina cha mita moja na nusu hivi. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya njia za kitaifa, na mwaka 1978 njia ya Oregon ikapewa hadhi ya njia ya kihistoria. Leo msafiri anaegesha gari, anashuka, anaingia ndani ya mfereji ule na kupima kina chake kwa mguu wake mwenyewe.

Sisi hatuna mwamba wa namna hiyo, na aliyetunyima ni mdudu. Mbung'o waliojaa katika misitu hii waliua ng'ombe, farasi na punda kwa ugonjwa wa nagana. Palipo na mbung'o hapana mkokoteni, na mzigo wote unakaa juu ya kichwa au bega la binadamu. Unyayo haukati jiwe. Mti ukianguka njiani, wa kwanza anauzunguka, wa pili anamfuata, na baada ya mvua mbili njia imeshahama. Ndiyo maana ni rahisi mno kusema kwamba huku kwetu hapakuwa na njia, palikuwa na pori tu. Ramani nyingi za kikoloni zilisema hivyo hivyo, kwa kuacha karatasi nyeupe.

Lakini njia zilikuwepo, na zilikuwa na shughuli. Kilichowavuta watu ni mukuba, shaba, iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu za umbo la msalaba, ikatumika kama fedha mbali kabisa na mahali ilipochimbwa. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walioanza kazi mwaka 1957 wameikuta misalaba hiyo imezikwa pamoja na wenyewe. Mwaka 1802 wafanyabiashara wawili wa Kiafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na mwenzake Anastácio José, walianza safari iliyowafikisha Tete kwenye mto Zambezi mwaka 1811. Walipita nchi ya shaba na Baptista akaandika habari zake. Hawakufyeka njia mpya. Walifuata njia ambazo wenyeji walikuwa wakizitumia siku zote, kutoka kwa mtawala mmoja hadi kwa mwingine, kwa ruhusa na kwa zawadi.

Kutoka mashariki walikuja Wasumbwa na Wanyamwezi. Kalasa alikuwa mmoja wao, mfanyabiashara wa shaba, na mwanawe Ngelengwa, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Msiri, alibaki huku akajenga dola ya Wayeke na mji wake mkuu Bunkeya. Msiri aliweka mlango wake wazi kwa pande zote mbili za bara. Misafara ya Waswahili iliingia ikitoka Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mingine ilitoka Benguela, kwenye bahari ya Atlantiki. Zilikuja bunduki, baruti, vitambaa na shanga. Zilitoka pembe za ndovu, shaba na chumvi, na walitoka watu waliofungwa kamba shingoni. Hili la mwisho sitaki lipite haraka. Anayetaka kuhifadhi njia hizi hawezi kuhifadhi biashara ya shaba peke yake na kuwafunika waliouzwa. Mfungwa na mpagazi walikanyaga udongo ule ule.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Kila mtawala aliyepitiwa alidai hongo, na neno hilo halikuwa na aibu enzi hizo. Lilikuwa ushuru wa kupita. Leo kutoka Kasumbalesa hadi Kolwezi unasimamishwa kwenye vizuizi vya peaji, unalipa, unapewa risiti, unaendelea. Mababu wangelielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Msafara uliofunga ukurasa huo ulipita njia ile ile ya biashara. Mwaka 1891 Kapteni William Stairs, kwa utumishi wa Mfalme Leopold wa Pili, aliondoka pwani na watu wapatao 400, wengi wao wapagazi, wakavuka Ziwa Tanganyika na kufika Bunkeya katikati ya Desemba. Tarehe 20 Desemba Msiri akauawa kwa risasi ya afisa wa msafara huo, Omer Bodson, ambaye naye alipigwa risasi akafa. Wakati wa kurudi njaa na maradhi viliwamaliza; waliofika tena Zanzibar hawakufika nusu ya walioondoka. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria huko Chinde, mdomoni mwa Zambezi. Wayeke wanaikumbuka tarehe hiyo kila mwaka pale Bunkeya. Hao wapagazi wa Unyamwezi na Unguja waliobaki kando ya njia hawana siku yao.

Wameacha kitu kimoja ambacho hakihitaji ulinzi wa askari, nacho ni lugha hii ninayoandikia. Wabelgiji waliiita Kingwana, lugha ya waungwana, yaani watu wa misafara. Ni kweli kwamba Lubumbashi yenyewe haikuzaliwa na misafara. Ilianzishwa mwaka 1910 reli ilipofika kutoka kusini, na mtaalamu Johannes Fabian ameonyesha jinsi serikali ya kikoloni na kampuni ya madini zilivyochangia Kiswahili kushika mizizi katika kambi za wafanyakazi. Hata hivyo mtu wa Zanzibar akimsikia mama wa Katuba, mtaa wa mji huu, akisema watoto beko banakuya, ataelewa kwamba wanakuja. Umbali wote huo wa ardhi, na bado wanaelewana. Neno lilitembea kwa miguu kabla ya kupanda treni.

Sasa niseme habari ya gurudumu, maana kuna mara moja ambapo Katanga nayo ilikuwa na njia ya mikokoteni ya ng'ombe, na ni watu wachache mno wa mji huu wanaoijua.

Ilikuwa mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walikuwa wamelitawala Ziwa Tanganyika zima kwa meli zao, na Waingereza hawakuwa na hata mashua moja ya vita juu ya maji yale. Mwindaji wa ndovu aliyeitwa John Lee alikwenda London na wazo lililoonekana la kichaa: zipelekwe boti mbili za injini, kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kisha zivutwe nchi kavu kupita milima ya Mitumba. Wakubwa wa jeshi la majini walikubali. Boti hizo za mbao, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, ziliitwa Mimi na Toutou. Kamanda alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Mwishoni mwa Julai treni yao ilipita Elisabethville, yaani Lubumbashi hii hii, na mwanzoni mwa Agosti ikafika Fungurume. Reli iliishia hapo.

Mbele yao kulikuwa na zaidi ya kilomita 200 za msitu, mabonde na mlima hadi Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kilikuwa kikiwasubiri kuwapeleka Bukama, kwenye mto Lualaba. Ilibidi barabara itengenezwe. Mamia ya watu wa vijiji vya huku walikata miti, wakang'oa visiki, wakachonga ubavu wa mlima, wakajaza makorongo kwa magogo. Madaraja peke yake, kwa hesabu ya masimulizi ya msafara, yalikuwa kama 150. Zililetwa injini mbili za mvuke zenye magurudumu makubwa ya chuma, na makumi ya maksai. Palipokuwa na ardhi imara, injini zilivuta. Zilipodidimia, maksai walifungwa nira. Kwenye mwinuko ambao injini wala maksai hawakuuweza moja kwa moja, kamba zilipitishwa kwenye kapi zilizofungwa kwenye mti mkubwa juu, maksai wakateremka mlima huku boti ikipanda. Hebu fikiria ng'ombe wanashuka na mashua inapanda, katikati ya Katanga, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na injini ya mvuke hunywa maji kuliko maksai. Vijito vilikuwa vimekauka. Ndipo wanawake wa vijiji vya jirani walipoitwa. Walitembea kilomita nyingi na mitungi kichwani, wakamimina maji katika matumbo ya chuma ya mashine zile, wakarudi kuteka mengine. Vitabu vilivyoandikwa kuhusu safari hii vinamtaja kila afisa kwa jina, cheo na hata tabia zake, sketi aliyoshonewa Spicer-Simson na michoro iliyokuwa mwilini mwake. Wanawake wamo kwa wingi wao tu. Nasoma kurasa hizo na kila mara nasimama hapo. Bila maji yale boti zisingefika kileleni.

Walifika Sankisia tarehe 28 Septemba, wiki 6 tangu boti zianze kuvutwa. Oktoba ilipoisha walikuwa wamefika Lukuga, Kalemie ya leo. Siku moja baada ya Krismasi waliikamata meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe walipoiacha Kigoma. Baadaye iliibuliwa, ikapewa jina la Liemba, na ikabeba abiria wa ziwa kwa vizazi vingi. Mwandishi C. S. Forester alipata hapo mbegu ya riwaya yake ya mwaka 1935, The African Queen, na mwaka 1951 ikawa filamu. Hivyo dunia nzima inaijua hadithi ya boti. Njia haina hadithi. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama, na ile barabara ya mikokoteni haikuhitajika tena. Miti ikairudia.

Njia ya namna hiyo huacha nini? Magogo ya madaraja yalikwisha kuliwa na mchwa zamani. Lakini udongo una kumbukumbu yake. Mahali ubavu wa mlima ulipochongwa ili gurudumu lipite, mchongo hubaki hata ukifunikwa na majani. Mahali palipokatwa miti ya kulisha tanuru la injini, miombo huchipua tena kutoka kwenye visiki vya zamani, mashina mengi kwenye mzizi mmoja. Kwenye vivuko vya mito, chuma hudondoka: pingili ya mnyororo, msumari, parafujo. Mtu akichukua shajara za msafara, akaziweka pamoja na picha za setilaiti, kisha akaenda kuuliza vijijini nani alisimuliwa nini na bibi yake, sehemu kubwa ya njia ile inaweza kuonekana tena. Njia za misafara zilizoitangulia ni ngumu zaidi, lakini zina vivuko vyake, makambi yake yenye vigae, na majina ya mahali ambayo wazee bado wanaweza kuyaeleza.

Tatizo ni kwamba barabara mpya inatafuta yale yale ambayo njia ya kale iliyatafuta: mgongo wa ardhi usio na matope, kivuko chenye mwamba, mpito kati ya vilima viwili. Kwa hiyo kinachostahili kulindwa mara nyingi kiko mita chache tu kutoka kwenye lami, ndani ya ule ukanda ambao greda husafisha kwanza barabara inapopanuliwa na ambamo mfereji wa maji huchimbwa. Na pale ambapo barabara haijafika, mgodi umefika. Vilima vya Fungurume, ambako Mimi na Toutou zilishushwa kutoka kwenye mabehewa, leo ni migodi mikubwa ya shaba na kobalti. Sisemi migodi ifungwe. Watoto wetu wanasoma kwa shaba hiyo. Nasema kilima kikiondoka, kimeondoka na njia iliyokizunguka.

Sheria tunayo. Sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni. Mwenye njia ndiye asiyeonekana. Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, Fungurume na Bunkeya ziko Lualaba, Bukama iko Haut-Lomami, Kalemie iko Tanganyika, na sisi wenye chuo kikuu na makumbusho tuko Haut-Katanga. Njia moja ina magavana wanne. Nchi yetu ina maeneo matano katika orodha ya Urithi wa Dunia, na yote matano ni mbuga na misitu. Hakuna hata moja lililowekwa kwa ajili ya kazi ya mikono au miguu ya watu. Jirani zetu wa Tanzania waliiweka njia yao ya kati ya pembe na watumwa, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha yao ya mapendekezo mwaka 2006, vituo 6 kwa majina yake. Ujiji si mwisho wa njia. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa inaendelea, na kipande kilichobaki ni chetu.

Mji huu umewahi kufanya kazi kama hiyo na ukaifanya vizuri. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 na kuwaunganisha watafiti wa chuo kikuu na wakazi wa kawaida, ulikusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa madini: nyimbo, picha, sufuria, karatasi za kazi. Watu walileta vitu vyao na vikaonyeshwa. Kazi ile ile inaweza kutoka nje ya mji na kufuata barabara. Haihitaji kungoja orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu ndogo ya fedha za peaji ingetosha kuweka jiwe kwenye kila kivuko kinachojulikana, lenye maandishi ya Kiswahili na Kifaransa: hapa walivuka wapagazi, hapa walipita waliofungwa, hapa wanawake walibeba maji ya injini. Mkandarasi akipewa kazi ya kupanua barabara, mkataba wake umtake atembee ukanda huo na mwanahistoria kabla ya kuleta tingatinga. Siku moja ya kutembea ni gharama ndogo kwa barabara ya miaka mingi. Shule za Likasi na Fungurume zingepata mahali pa kuwapeleka watoto bila nauli kubwa, na mwalimu angekuwa na jambo la kuwaonyesha wakiwa wamesimama juu yake.

Juzi nilisimamisha gari kwenye mteremko mmoja kabla ya kuingia mjini, mahali ambapo wasukuma baiskeli hupumzika. Anayepumzika hailazi baiskeli, maana peke yake hataweza kuiinua tena. Anachomoa fimbo yenye panda, anaikita ardhini, anaegemeza mzigo juu yake, kisha anajifuta uso. Nilitazama chini. Udongo ulikuwa umejaa matundu ya fimbo, makumi kwa makumi, mapya juu ya ya zamani, yote katika eneo lisilozidi ukubwa wa chumba. Hakuna aliyewaambia wasimame hapo. Kuna mti, kuna kivuli, na mlima umekwisha. Mmoja aliwasili nikiwa bado nimechuchumaa, akanisalimia, akatafuta tundu lililo tayari, akakita fimbo yake ndani yake.